Kahawa Dirishani, San Francisco

Mji wa ukungu, vilima na kahawa kali. Mwandishi wetu alikwenda na mwenzake kutafuta kitu kidogo tu: mkahawa ambao mwanamke transjenda anaweza kukaa mchana bila kuulizwa maswali.

Mpenzi msomaji, wewe ukiingia mkahawani unaangalia nini kwanza? Wengi mtaniambia bei. Wengine intaneti ya bure, au lile kochi la pembeni ambapo wewe na mwenzi wako mnaweza kukaa bila kusukumwasukumwa. Mimi naangalia mambo matatu, tena kabla sijafika kaunta: choo kikoje, nani anauza, na meza ipi imeegemea ukuta. Yaani ni mazoea tu ya mwili. Ni kama mtu wa Mombasa anavyotazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka Barabara ya Digo, hata iwe asubuhi ya Idi na hakuna gari.

Mimi ni transjenda. Kwa lugha nyepesi: nilipozaliwa waliniandika mvulana, nikakua nikijua sivyo, na leo naishi kama mwanamke. Nina kazi Nairobi, nina kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, na nina mwenzangu ambaye wakati wa safari hii tulikuwa tumetimiza mwaka wa sita pamoja. Mwezi wa tano mwaka 2024 kazi yake ilimpeleka semina ya wiki moja San Francisco, jimbo la California, Marekani. Mimi nikavunja akiba yangu, nikakata tiketi, nikamfuata.

Yeye mchana kutwa yuko ukumbini na karatasi zake. Mimi mchana kutwa niko mjini na viatu vyangu. Nikajipa kazi moja: nitafute mkahawa ambao mimi na yeye tutaingia mchana kweupe, tunywe kahawa yetu, tumalize, tuondoke kama watu wengine. Basi. Kama kazi hiyo inaonekana ndogo kwako, shukuru Mungu.

KWA NINI MKAHAWA?

Watu kama mimi, karibu kila mji, wakipata pa kukutana huwa ni baa. Taa hafifu, muziki juu, mlinzi mlangoni. Sizidharau, zimewahifadhi wengi. Lakini mimi pombe situmii, nimelelewa Mji wa Kale kwa watu wa swala tano. Na hata ningetumia, baa ni ya usiku. Usiku mtu unaweza kuwa yeyote. Mchana ndio maisha yenyewe: ndipo watu wanapotambulishana kwa mashangazi, wanapogombania bili ya umeme, wanapopatana. Wapenzi wasio na pa kukaa mchana wana nusu ya uhusiano.

Na kahawa kwetu ina habari zake. Mombasa unakunywa kahawa tungu yenye tangawizi, kutoka kwenye mdila wa shaba, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, na kipande cha kashata au halua pembeni. Inanywewa barazani, na baraza ni ya wanaume. Nilipokuwa mdogo nilikaa hapo karibu na babu yangu, nikisikia nani kaoa, nani kafilisika, nani kapotelea Uarabuni. Nilipoanza kuishi kama nijijuavyo, nafasi ile ya barazani ikaisha. Hilo nililitarajia. Nisichotarajia ni kwamba hata ndani, kwa akina mama, sikusogezewa mkeka. Nikabaki mlangoni, na mlangoni hapanyweki kahawa.

Kwa hiyo nikisema natafuta mkahawa, ujue natafuta ruhusa ya kukaa.

KONA YA TURK NA TAYLOR

Siku ya pili nikaanza na Tenderloin. Ukitoka Union Square, penye hoteli za kitalii na maduka ambayo bei zake unazisoma mara mbili, ni matembezi ya dakika chache tu kuelekea kusini-magharibi. Mji unabadilika ghafla. Watu wamelala kwenye njia za miguu, wengine wanatumia dawa za kulevya waziwazi. Sikwambii uongo ili nikuuzie safari: nenda mchana, simu mfukoni, usipige watu picha. Lakini nenda. Hapa ndipo kahawa moja ilipoingia kwenye historia.

Miaka ya 1960, kwenye kona ya mitaa ya Turk na Taylor, kulikuwa na hoteli ya chakula ikiitwa Gene Compton's Cafeteria, wazi saa 24. Wanawake transjenda wa Tenderloin walikuwa wakikutana hapo usiku wa manane. Wengi waliishi vyumba vya kupanga vya bei rahisi na walijiuza, kwa sababu hakuna mwajiri aliyewataka. Wengine walikuwa wamefukuzwa kwao wakiwa bado wadogo. Baa za wanaume wapenzi wa jinsia moja zenyewe, ambazo ungedhani zingewaelewa, mara nyingi zilikuwa zikiwafungia mlango. Compton's kulikuwa na mwanga, kahawa ya senti chache, na viti. Walikaa pale kuhakikisha kwamba kila mmoja kamaliza usiku akiwa mzima.

Shida ilikuwa kwamba wanakaa sana na kununua kidogo. Wasimamizi wakaanza kuwatoza ada ya kukaa na kuwaita polisi. Na polisi hakuhitaji sababu kubwa: sheria ya mji ya mwaka 1863 iliharamisha mtu kuonekana hadharani na nguo za jinsia isiyo yake, na haikufutwa hadi 1974. Fikiria hilo. Umekaa kimya na kikombe chako, na kitambaa ulichovaa chenyewe ni kosa. Julai 1966 vijana wa mtaa, kundi lililojiita Vanguard, waliandamana nje ya Compton's na mabango. Halikubadilika neno.

Usiku mmoja wa Agosti mwaka huohuo polisi akaingia, akamshika mkono mmoja wa wanawake wale ili amtoe. Mwanamke akamrushia kahawa usoni.

Hapo pakachafuka. Vikombe, sahani na visukari vikaruka, meza zikapinduliwa, vioo vya madirisha vikavunjika, ugomvi ukatoka hadi barabarani. Gari la polisi likavunjwa vioo, na kibanda cha magazeti kikachomwa moto. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya vurugu za Stonewall, New York, mwaka 1969, ambazo ndizo dunia inazikumbuka. Compton's yenyewe ilifungwa mwaka 1972, na kisa kikasahaulika mpaka mwanahistoria Susan Stryker, ambaye naye ni transjenda, alipokifukua kwenye makabrasha. Filamu aliyotengeneza na Victor Silverman, *Screaming Queens*, ilitoka mwaka 2005.

Leo kuna bamba la kumbukumbu njiani, liliwekwa mwaka 2006, na nguzo za taa za mtaa zimepakwa rangi za samawati, waridi na nyeupe. Mwaka 2017 mji uliitambua sehemu hii rasmi kuwa wilaya ya kitamaduni ya transjenda, kazi iliyoanzishwa na wanawake watatu transjenda weusi: Honey Mahogany, Janetta Johnson na Aria Sa'id. Na Januari 2025 jengo la Compton's likaingizwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Lakini usiende ukidhani utakunywa kahawa hapo. Kwa miaka mingi jengo limekuwa makazi ya watu wanaomalizia vifungo, na nilipopita 2024 ndivyo lilivyokuwa bado. Mahali ambapo watu walipigania kukaa, ndani mlikuwa na watu wasioruhusiwa kuondoka wanapotaka.

Nilisimama pale muda mrefu nikifikiria kikombe kile. Mwanamke yule hakurusha jiwe. Alirusha kitu alichokuwa amekilipia.

BENDERA MLANGONI

Siku iliyofuata nikapanda treni ya mjini hadi Castro, mtaa maarufu wa wapenzi wa jinsia moja. Hapo kila kitu ni bendera: madukani, kwenye nguzo, hata kivuko cha waenda kwa miguu kwenye makutano ya mtaa wa 18 kimepakwa rangi za upinde wa mvua tangu 2014. Kilichonivutia zaidi ni baa moja ambayo sikuingia. Inaitwa Twin Peaks Tavern. Mwaka 1972 wanawake wawili waliinunua na kuifungulia madirisha makubwa ya vioo yanayotazama barabarani. Siku zile baa za namna hiyo zilijificha nyuma ya vioo vyeusi, maana kuonekana ndani kungeweza kukupotezea kazi. Wao wakasema hapana, wateja wetu waonekane. Nilipopita nje niliona wazee wawili wamekaa dirishani, mmoja anamsomea mwenzake kitu kutoka kwenye simu. Nikajiambia: hicho ndicho ninachotafuta, ila kiwe na kahawa.

Jumamosi semina ikaisha, nikamchukua mwenzangu. Mkahawa wa kwanza tulioingia sitautaja. Mlangoni wamebandika bendera yetu ya transjenda, ile aliyoibuni Monica Helms mwaka 1999, kubwa kama pazia la sebuleni. Nikasema hewaa, tumefika. Nikatoa kadi ya benki. Kadi yangu bado ina jina la zamani, maana kubadilisha jina benki ni safari nyingine peke yake. Kijana wa kaunta akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. Kisha akaniita "bwana" mara mbili, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kahawa ilipokuwa tayari, aliliita jina lile la kadi mkahawa mzima ukasikia. Jina ambalo mama yangu alinipa kabla hajanijua.

Labda hakukusudia ubaya. Lakini bendera ilikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa kaunta, na kati yetu hapakuwa na uhusiano wowote.

Mwenzangu akainuka. Nikamwambia kaa. Akakaa, akatazama huku na huku, halafu akachukua vikombe vyote viwili.

"Twende kule nyuma," akasema. "Kuna nafasi."

"Hapa pia kuna nafasi."

"Kule hawatuoni, mama."

Sasa hapa, msomaji, ndipo safari ilipogeuka kuwa safari nyingine. Kwa sababu sentensi ile niliijua. Kwa miaka sita, kila hoteli tuliyoingia Nairobi, yeye ndiye anayechagua meza, na kila mara ni ya nyuma, ya kona, karibu na jikoni. Mimi nilikuwa nikiita hayo mapenzi. Siku ile, nikiwa na jina lile bado masikioni, likanitoka swali ambalo sikujua kama ninalo.

"Wewe unanikinga, au unanificha?"

Akakoroga kahawa yake. Hakuwa ameitia sukari.

"Sijui," akasema baadaye. "Nyumbani nikitaka kukukinga inabidi nikufiche. Nimefanya hivyo mpaka sijui tena kipi ni kipi."

Hatukugombana. Ingekuwa rahisi tungegombana. Tulimaliza kahawa, tukarudi chumbani, kila mtu akatazama dari yake.

Huenda wewe si transjenda. Lakini kama umewahi kupenda mtu ambaye kwenu hatakiwi, kwa dini yake, kabila lake, umri wake au watoto aliokuja nao, basi meza ya nyuma unaijua. Inaanza kama hekima. Mnasema tusubiri kidogo, watu wazoee kwanza. Miaka inapita, na watu hawawezi kuzoea kitu wasichokiona. Na yule anayefichwa anaanza kujiuliza kama mwenzake anaogopa watu au anaona haya.

MKAHAWA ULE HAUKUFANYA KITU

Jumapili, bila mpango, tukashuka Mission. Huu ni mtaa wenye wakazi wengi wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, jua lake kali kuliko sehemu nyingine za mji, na kuta zake zimechorwa. Kuna kichochoro kiitwacho Balmy, karibu na mtaa wa 24, ambacho kimejaa michoro mwanzo hadi mwisho, desturi iliyoanza miaka ya 1970. Tulitembea humo kimya kimya, kila mtu na mawazo yake, kisha tukaingia mkahawa mdogo wa jirani kwa sababu tu miguu ilikuwa inauma.

Bendera haikuwepo. Kulikuwa na kistika kidogo kimechakaa karibu na mashine ya malipo. Rafuni nikaona pakiti za kahawa ya Kenya na ya Kilimanjaro. Imesafiri njia ileile niliyosafiri, ila yenyewe haikuulizwa viza.

Msichana wa kaunta, mikono imejaa unga wa kahawa, akauliza ninataka nini. Nikasema. Akauliza jina. Nikataja langu. Akaliandika kwenye kikombe, akakosea herufi mbili, akamgeukia mteja anayefuata. Imeisha.

Naomba uelewe ukubwa wa jambo hili. Uwanja wa ndege wananiuliza jina huku wameshika pasipoti. Benki, hospitali, ofisi ya kazi, vilevile: nikitaja jina, wanatazama karatasi kuona kama nasema kweli. Kwetu Kenya, Audrey Mbugua ilibidi aende Mahakama Kuu, na mwezi wa kumi mwaka 2014 mahakama ikaliamuru baraza la mitihani limbadilishie jina kwenye cheti chake cha sekondari na kiandikwe bila alama ya jinsia. Kesi nzima, kwa ajili ya jina kwenye karatasi. Halafu kuna kaunta ya kahawa, mahali pekee ninapopajua ambapo mtu asiyenifahamu ananiuliza jina langu na kuliamini papo hapo.

Choo kilikuwa kimoja, mlango mmoja, kibao kinasema choo tu. Huo si ukarimu wao peke yao. Tangu Machi 2017 sheria ya California inataka vyoo vya mtu mmoja katika biashara na ofisi za umma viwe vya kila mtu, bila kuandikwa wanawake au wanaume. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye mwiko mkubwa wa mbao ili watu wasiondoke nao. Nikaenda, nikarudi. Hakuna aliyeinua kichwa. Kama hujawahi kuvumilia kiu siku nzima ya safari kwa kuogopa choo, huwezi kujua nilivyotembea kurudi kwenye meza.

Nikamkuta mwenzangu amesimama katikati na vikombe viwili. Meza ya nyuma ilikuwa tupu. Dirishani kulikuwa na meza ndefu, na babu mmoja na gazeti lake amekalia nusu. Mwenzangu akatazama nyuma. Akatazama dirisha. Mimi sikusema neno, nilikuwa nimekwisha kusema jana yake.

Akaenda kumwomba babu asogee. Babu akasogeza gazeti bila kuacha kusoma.

Tulikaa pale karibu saa nzima na nusu, tukitazama watu na watu wakitutazama. Mama mmoja alipita na kigari cha mtoto. Mtu wa matunda akapita. Kijana akafunga baiskeli yake nje na kujitengeneza nywele kwenye kioo, usoni petu kabisa, bila kujua tunamwona. Hakuna lililotokea. Hakuna aliyekuja kutupongeza, wala kutuambia sisi ni majasiri, wala kutuuliza tunatoka nchi gani zenye shida. Nimekuja kuona kwamba ukarimu wa kweli wa mkahawa ndio huo: wanakuhudumia, halafu wanaendelea na kazi zao.

Kikombe cha pili kilipofika nusu, mwenzangu akasema, macho yakiwa barabarani:

"Dada yangu mkubwa anakuja Nairobi mwezi wa nane."

"Najua."

"Nataka mkutane. Unaona tumpeleke wapi?"

"Popote," nikasema. "Ila iwe mchana."

Wifi alikuja kweli mwezi ule wa nane. Tulimpeleka mkahawa mmoja wa Nairobi ambao tunauamini, na ambao sitauandika hapa, kwa sababu wanaotukaribisha kwetu wanalindwa kwa kutotajwa. Tulikaa karibu na mlango. Alikunywa chai, hakupenda keki, akaniuliza mshahara wangu ni kiasi gani, na kama najua kupika wali wa nazi. Maswali ya wifi wa kawaida. Kuondoka alinishika mkono, si kwa nguvu sana, lakini alinishika.

UKIENDA SAN FRANCISCO

Kabla ya tiketi. Nilisafiri 2024, na mambo yamebadilika. Kwa amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025, serikali kuu ya Marekani inatambua jinsia ya kuzaliwa tu kwenye hati zake, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu iliruhusu utaratibu huo utumike kwenye pasipoti za Wamarekani wakati kesi ikiendelea. Wewe utasafiri kwa pasipoti ya kwenu, lakini ikiwa ina jina au jinsia isiyofanana na unavyoonekana, pata ushauri wa mwanasheria kabla ya kujaza fomu ya viza. Ndani ya California, sheria ya jimbo inakataza biashara kumbagua mteja kwa jinsia anayojitambulisha nayo.

Lipa taslimu. Kadi ikiwa na jina la zamani, iache mfukoni. Tangu 2019 sheria ya San Francisco inayataka maduka yapokee fedha taslimu, kwa hiyo mkahawa hauwezi kukulazimisha utoe kadi. Ningekumbuka hilo wewe hujasoma kisa cha "bwana".

Tazama waliokaa, usitazame bendera. Mkahawa wenye mzee anayesoma gazeti, mwanafunzi aliyelala juu ya kitabu na mama mwenye mtoto ni mkahawa usiofukuza watu. Bendera hubandikwa kwa dakika moja.

Usafiri. Kwa Tenderloin shuka kituo cha Powell. Kwa Castro kuna kituo cha jina hilohilo. Kwa Mission shuka kituo cha mtaa wa 16 au wa 24. Beba sweta hata kiangazi, ukungu wa mji ule hauheshimu kalenda.

Historia. Anza na Jumba la Makumbusho la Tenderloin, lililofunguliwa 2015 kwenye mtaa wa Eddy, kisha tembea hadi kona ya Turk na Taylor. Ukitaka kahawa ya kizamani, Caffe Trieste kule North Beach inachemsha tangu 1956.

Na wewe unayeuza kahawa hapa kwetu, iwe Westlands, Mikocheni au Stone Town: huhitaji kununua bendera wala kuchora ukuta. Kiswahili chetu kimekupa "yeye" mmoja kwa watu wote, na "karibu" isiyouliza jinsia. Mteja akikwambia jina lake, liandike kama alivyolitaja. Choo kikiwa kimoja, ondoa kile kibao. Akikaa saa nzima na kikombe kimoja, mwache amalize.

Na wewe uliyezoea kuchagua meza ya nyuma kwa ajili ya mwenzako, wikendi hii mwulize yeye anapenda kukaa wapi. Safari njema!